Hesabu ya Makosa

Kanisani kwetu Cwm Hirddu, milimani huko Welisi,
mvua huwahi ibada kabla ya watu.
Tumebaki waumini kumi na mmoja,
kumi na wawili mbwa wa Idwal akiruhusiwa,
na kinanda cha mabomba kilichonunuliwa kwa senti za wachimba mawe
waliorudi nyumbani na vumbi jeusi kwenye kope.

Mama yangu alikipiga miaka thelathini na mmoja.
Kiti kilikwisha shika umbo lake,
nami nikajua umbo lile ni urithi wangu.
Wazee wakakaa kikao chumba cha nyuma, chai ikapoa,
wakatoka na jina la Mererid Puw,
aliyesomea muziki Kadifi,
aliyekuja na mto wa mahameli ya kijani
akauweka juu ya mama yangu.

Ndivyo nilivyoona mimi. Juu ya mama yangu.

Sikugomba. Mimi si mgomvi.
Nilinunua penseli.

Kila Jumapili, ukurasa wa mwisho wa kitabu cha nyimbo:
kidole kilichoteleza, kijistari.
Kanyagio lililochelewa, kijistari.
Pasaka moja alikosea mara tisa;
siku hiyo nilikula nyama kwa hamu ambayo sijaisahau.
Miaka kumi na tisa nilikuwa mhasibu wa Mungu,
ingawa Mungu hakuniajiri.

Na kila Jumapili, penseli sikioni,
nilisimama na wenzangu tukasema
utusamehe makosa yetu,
ulimi wangu ukapita juu ya neno lile
kama kondoo apitaye darajani
asijue kwamba chini kuna mto.

Novemba hii vidole vyake vilianza kutetemeka.
Mwanzo nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.
Vijistari vikajaa ukurasa, nikahamia jalada.
Halafu Jumapili ya pili ya Majilio, ubeti wa tatu,
kinanda kikanyamaza.
Si kukosea. Kunyamaza.
Mererid aliiangalia mikono yake
kama barua iliyoletwa nyumba isiyo yake.
Watu wakaendelea kuimba kidogo,
wakafifia mmoja mmoja.

Kimya kile nilikingoja miaka kumi na tisa.
Kilipokuja hakikuwa na ladha.
Nikasikia mvua. Nikasikia mbwa akijikuna.
Na ndani yangu, bila kuitwa, lile neno, makosa,
likasimama darajani
likachungulia chini.

Ee Bwana, wewe uliandika mavumbini kwa kidole
ukauachia upepo ufute.
Mimi penseli yangu naichonga kila Jumamosi.

Sijui nani aliyeniinua. Magoti yangu ni mabovu,
na nilikuwa nimeazimia kukaa.
Nikapanda ngazi zile tatu.
"Sogea," nikamwambia.
Akasogea. Mto wa kijani ukabaki katikati,
nusu chini yake, nusu chini yangu.
"Viatu vyako vinanuka kondoo," akanong'ona.
"Ubeti wa tatu," nikasema. "Kulia ni kwako."
Mkono wake ulitetemeka, wangu ulikuwa na kutu,
na makosa yakawa mengi mno
hata asingetokea mtu wa kuyagawa,
lipi la nani.

Nyumbani nikachukua kifutio.
Nikafuta hadi karatasi ikatoboka.
Ukiuinua ukurasa dirishani bado utaviona,
vijibonde vidogo, safu kwa safu.

Basi Jumatatu nikamsamehe tena.
Jumanne akanipigia simu kuniambia
mkono wangu wa kushoto unakwenda mwendo wa mazishi.
Nikakata simu. Nikabandika birika.
Nikatembea jikoni, dirishani, mlangoni, jikoni.
Nikamsamehe mnamo saa nne kasorobo,
maji yakiwa yameshachemka mara mbili.